Changarawe ya kujazia: sampuli moja au mpya kila mara?

Karatasi ya maabara ikionyesha msongamano wa changarawe (uzito wake kwa ujazo ikishindiliwa) umepanda kuliko wiki jana, na shimo la changarawe ni lile lile, huwa nauliza kwanza: mlitumia sampuli moja au mpya?

Sampuli moja ni rahisi. Unaitwanga kwa nyundo ya kilo 4.5 inayodondoka milimita 450, unaongeza maji, unarudia na changarawe ile ile hadi upate msongamano wa juu kabisa. Ndoo moja yatosha. Ila changarawe ya volkano ya huku Moshi mara nyingi ni laini. Ichekeche mwishoni uone: mawe yamekuwa unga, unga umeziba matundu, kipimo kimepanda. Sasa mkandarasi ashindilie hadi usiku, asilimia 95 ya msongamano huo wa maabara haifiki, na lawama ni zake!

Sampuli mpya kwa kila kiwango cha maji hula gunia zima na mgongo wa kibarua. Mimi nalipia gunia.