Kola ya mtetemo kwa mbwa kiziwi: inafaa, ila usiikabidhi ikiwa mpya

Anayemtafutia mbwa kiziwi nyumba hapa Arusha huulizwa maswali mawili karibu kila geti analogonga. Atalindaje huyu? Na nitamwitaje? La kwanza lina jibu fupi: ananusa, anahisi kishindo cha hatua ardhini, na akiishi na mwenzake anayesikia humtazama huyo kila anaposimamisha masikio. Lakini anayetaka mlinzi wa peke yake wa kumwamsha usiku asibembelezwe, apewe mbwa mwingine. La pili ndilo linalowafanya watu waagize kola za mtetemo.

Kola yenyewe ni kiboksi cha plastiki kwenye mkanda wa shingoni, pamoja na rimoti. Ukibonyeza, kiboksi kinatetema kama simu iliyowekwa sailensi. Nyingi zinazouzwa mtandaoni zina kazi tatu kwa pamoja: mlio, mtetemo na shoti ya umeme. Mlio kwa kiziwi ni bure. Shoti ndiyo ya kukwepa, kwa sababu kitufe chake hupakana na cha mtetemo, na kidole cha mtoto hakichagui. Shoti moja ya bahati mbaya inaweza kumfanya mbwa aogope kola, au mtu aliyekuwa mbele yake wakati ule. Nunua yenye mtetemo tu. Ile ambayo shoti yake “inazimika” ipo siku itawashwa.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi, mita 300 au zaidi, ni wa uwanja mtupu. Ukuta wa tofali, bati na mteremko hula sehemu kubwa ya umbali huo. Kwenye migomba ya Kibosho au Machame utapata pungufu sana. Pima kabla ya kuiamini: mmoja atembee na kola mkononi, mwingine abonyeze kila baada ya hatua kumi, mpaka pale inapoacha kutetema. Chagua pia inayochajiwa kwa waya wa USB, ili umeme ukikatika powerbank ifanye kazi.

Kuivaa kuna kanuni zake. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo, na kiboksi kikae ubavuni mwa shingo, si juu ya koo. Ikilegea, inatetema hewani na mbwa hahisi kitu. Hapo ndipo watu husema imekufa. Ivuliwe kila usiku. Wakati wa masika mkanda mbichi huchubua ngozi, na kupe hupenda kujificha chini yake. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu asivishwe, kiboksi kinamwelemea.

Sasa kazi yenyewe. Mtetemo hauna maana yoyote mpaka mbwa afundishwe kwamba unamaanisha “nitazame”. Siku mbili za mwanzo aivae ikiwa imezimwa, hasa wakati wa kula. Kisha chemsha maini bila chumvi, uyakate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Bonyeza sekunde moja, acha, halafu mpe kipande hapo hapo. Mara kumi, asubuhi na jioni. Kosa kubwa kuliko yote liko hapa: mkono wa nyama unatangulia mtetemo. Mbwa anajifunza mkono, kola anaipuuza, na mwenye kola analaumu betri. Mkono ukae nyuma ya mgongo mpaka mtetemo uishe.

Utajua ameelewa akigeuka kukutafuta usoni kabla hajaona nyama. Wengi hufika hapo ndani ya wiki moja. Hamia chumba kingine, kisha uani, kisha uani kukiwa na kuku au mbwa mwingine. Akikutazama ndipo umpe ishara ya kuja, mkono wote, pana, inayoonekana kutoka mbali. Usibonyeze mfululizo kama kengele ya mlango, atauzoea. Na usiutumie kumkaripia akibweka.

Wapo wasioivumilia. Wanafyata mkia, wanaganda, wanaikwangua. Zungushia kiboksi kitambaa ili mtetemo upungue. Siku tatu zikipita bila nafuu, achana nayo: gonga sakafu kwa mguu, punga mkono, usiku washa na kuzima tochi mara mbili. Taa ya leza hapana, baadhi ya mbwa huishia kufukuza mwanga kutwa nzima.

Kabla ya matumizi yote hayo, daktari wa mifugo aangalie masikio. Usaha, uvimbe au kupe vinaweza kuziba sikio la mbwa ambaye si kiziwi kabisa. Usimtilie dawa ya masikio ya binadamu. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa zinaweza kuua usikivu uliobaki.

Kwa hiyo kola iende na mbwa ikiwa tayari ina maana. Ukimpa mtu mbwa kiziwi leo na boksi lililofungwa, wiki ya kwanza atabonyeza hovyo na ya pili atakurudishia vyote viwili. Familia ije mara tatu kabla ya kumchukua, na kila mtu afanye lile zoezi la kubonyeza na kumpa kipande, mara kumi: baba, watoto, dada wa kazi, mlinzi. Ishara zichorwe kwenye karatasi moja na kubandikwa jikoni, wasije wakawa na “njoo” nne tofauti. Watoto waonyeshwe namna ya kumwamsha: kiganja mbele ya pua, au kukanyaga mkeka wake, kamwe si kumshika kichwa ghafla, maana akishtuka anaweza kung'ata.

Kola si uzio. Betri huisha, na bodaboda haisikiki kwake. Nyumba isiyo na geti linalofungwa tungeikataa hata kama wenyewe ni wakarimu kiasi gani. Nje ya geti ni kamba tu. Mkabidhi pamoja na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka, na mkanda wa kawaida wenye kibati kilichochongwa KIZIWI na namba ya simu. Rimoti itundikwe kwenye msumari karibu na mlango wa uani, juu kuliko mkono wa mtoto.