Kaggle kwa mradi wa mashindano: jiko lipo, sebule hakuna

Mwanafunzi anayeandaa mradi wa ujifunzaji wa mashine kwa ajili ya mashindano ya vyuo, na hana kompyuta yenye GPU (kadi inayoharakisha mafunzo ya modeli), mara nyingi huishia kwenye madaftari ya Kaggle, yaani kurasa za kuandika na kuendesha msimbo kwenye tovuti hiyo. Si uamuzi mbaya. Ukishathibitisha namba ya simu unapewa takriban saa 30 za GPU kwa wiki bila malipo, na kikao kimoja kinaweza kwenda hadi saa 12. Kizuri zaidi, saa zilizobaki unaziona mwenyewe.

Mita hiyo ndiyo huwaumiza wengi. Inahesabu muda ambao kikao kiko wazi na GPU imewashwa, hata kama modeli haifundishwi. Ukisafisha data saa nne huku GPU imewashwa, umechoma saa nne bure. Safisha kwa CPU, hifadhi matokeo kwenye faili, ndipo uwashe GPU. Ukibadili kifaa, kikao huanza upya na kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu hupotea.

Kadi za kuchagua ni P100 moja au T4 mbili. Kwa modeli za picha zinazofundishwa kwa hesabu za biti 16, chukua T4: zina viini vya tensa, sehemu zinazoharakisha hesabu za aina hiyo, na P100 haina. Ila msimbo wa kawaida wa PyTorch, maktaba ya kufundishia modeli, hutumia kadi moja tu, na ya pili itakaa inatazama mpaka uigawie kazi mwenyewe. Kumbukumbu ikijaa, shusha bechi (idadi ya picha zinazopita kwa mkupuo mmoja) kutoka 32 hadi 16 kabla ya kugusa ukubwa wa picha.

Kinachostahili sifa kuliko vyote ni kitufe cha "Save Version". Ukichagua kuendesha seli zote (vipande vya msimbo), daftari linaanza na kumbukumbu tupu na kushuka kutoka juu hadi chini. Chukua mfano huu: seli ya 14 inatumia `df_safi`, lakini seli iliyoiunda ulishaifuta. Kwenye skrini mambo yanakwenda vizuri kwa sababu `df_safi` bado imo kwenye kumbukumbu. Daftari likianza upya, linaanguka papo hapo kwa `NameError`. Afadhali uikute wewe leo kuliko jaji anayejaribu kurudia matokeo yako. Endesha toleo kamili kila unapobadili hatua ya kuandaa data, na uhifadhi uzito wa modeli (namba ilizojifunza) kila baada ya epoki chache, yaani mizunguko ya kupitia data yote. Mafunzo yanayoelekea kuvuka saa 12 yagawe vipande, matokeo ya toleo moja yawe data ya kuanzia toleo linalofuata.

Kuvuja kwa data, yaani data ya majaribio kupenya kwenye mafunzo, hata hivyo, kitufe hicho hakikugundui. Ukizizidisha picha kwa kuzigeuza na kuzikata kabla ya kugawa seti ya mafunzo na ya majaribio, nakala za picha ileile zitaangukia pande zote mbili, na alama zitapaa hadi zikutie wazimu. Gawa kwanza, zidisha baadaye, tena kwenye seti ya mafunzo peke yake. Kama mtu mmoja ana picha nyingi, gawa kwa mtu, kwa kutumia `GroupKFold` ya maktaba ya scikit-learn, inayoweka picha zote za mtu upande mmoja.

Soma pia leseni ya data mapema. Data za mashindano ya Kaggle nyingi zina masharti ya matumizi nje ya shindano lenyewe, na hilo ni swali ambalo jaji makini hakosi kuliuliza.

Kaggle inapopwaya ni kwenye onyesho, yaani kuwaachia wengine waijaribu modeli: hiyo ndiyo sebule isiyokuwepo. Kikao cha daftari si seva. Hakiwezi kubaki wazi kikisubiri wageni. Onyesho lipeleke Hugging Face Spaces, huduma ya kuweka programu za modeli mtandaoni, ambako mashine ya bure ina CPU 2 na RAM ya GB 16, lakini haina GPU. Hapo ndipo modeli hugoma kufunguka: uzito uliohifadhiwa kutoka kwenye GPU uufungue kwa `map_location="cpu"`. Angalia na rangi: maktaba ya OpenCV husoma picha kwa mpangilio wa BGR (buluu, kijani, nyekundu), ile ya PIL kwa RGB (nyekundu, kijani, buluu). Ukifundisha kwa moja na kuonyesha kwa nyingine, hakuna kosa litakaloandikwa popote. Modeli itakosea zaidi tu. Andika matoleo ya maktaba kwenye `requirements.txt`, na kwa kuwa Space ya bure hulala isipotembelewa, ifungue dakika kadhaa kabla ya zamu yenu kuitwa.