Duka la Kindle na tatizo la vitabu vyenye majina pacha

Andika jina la kitabu kinachovuma kwenye kisanduku cha kutafutia cha duka la Kindle, duka la Amazon la vitabu vya kielektroniki, na kitabu chenyewe hakiji peke yake. Kinafuatana na muhtasari wake, kitabu cha mazoezi, kitabu cha maisha ya mwandishi wake, na pengine riwaya nyingine yenye jina linalokaribiana nalo. Majalada yanashabihiana rangi na maandishi, na baadhi ya vitabu hivyo vimelipiwa tangazo ili vikae juu. Duka hili ni zuri kwa kununua na kusoma. Kwa kumfikisha msomaji kwenye kitabu alichokikusudia, linamwachia kazi kubwa mno.

Kufanana kwa majina si kosa. Nchini Marekani hakimiliki hailindi jina la kitabu, na jina la kitabu kimoja kisicho sehemu ya mfululizo halisajiliwi kuwa alama ya biashara. Wachapishaji wakubwa nao hufuata upepo waziwazi. Riwaya ya Stieg Larsson iliyotoka Uswidi mwaka 2005 inaitwa kwao "Wanaume wanaochukia wanawake"; kwa Kiingereza, mwaka 2008, ikapewa jina The Girl with the Dragon Tattoo, na miaka iliyofuata neno Girl likaenea kwenye majalada ya riwaya za uhalifu. Upepo wa namna hii humsaidia msomaji kujua aina ya hadithi kabla hajafungua kitabu, lakini pia humkosesha njia. The Girl on the Train ya Paula Hawkins ilipovuma mwaka 2015, wasomaji kadhaa walinunua Girl on a Train wakidhani ndiyo hiyo. Kitabu hicho cha pili kilikuwa kimetoka tangu 2013. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kumwita mtu mwigaji.

Waigaji wenyewe wako upande mwingine, na mlango wao ni KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia. Kupakia kitabu ni bure, kwa kawaida kinaonekana dukani ndani ya saa 72, na kitabu cha Kindle cha dola 2.99 hadi 9.99 kinaweza kumpa aliyekipakia asilimia 70 ya bei. Akili mnemba imeondoa hata kazi ya kuandika. Septemba 2023 Amazon iliweka kikomo cha vitabu vipya vitatu kwa siku. Kikomo hicho kilikuwa kilegevu mno: vitatu kwa siku ni zaidi ya 1,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakuna mwandishi makini anayekikaribia. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Jane Friedman, mwandishi wa Marekani anayeandika kuhusu uchapishaji, alikuta dukani vitabu vyenye jina lake ambavyo hakuviandika. Alipolalamika aliulizwa kwanza kama jina lake limesajiliwa kuwa alama ya biashara. Vitabu viliondolewa baada ya yeye kulitangaza jambo hilo. Hii ndiyo kasoro tunayoipunguzia duka alama nyingi kuliko zote, kwa sababu mwandishi asiyejulikana hana pa kupaza sauti.

Mnunuzi aanzie nje ya duka: kwenye tovuti ya mwandishi au ya mchapishaji, anakili ISBN ya toleo la karatasi, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, tarakimu 13. Aibandike kwenye kisanduku cha Amazon, kisha kutoka ukurasa huo achague toleo la Kindle. Toleo hilo lina namba yake ya Amazon inayoanza na B0, ndiyo maana kuanza na ISBN ya karatasi ni rahisi zaidi. Kisha atazame mchapishaji, idadi ya kurasa na tarehe. Kitabu cha kurasa 60 kilichotoka siku chache baada ya kingine cha kurasa 350 chenye jina hilohilo kinajieleza. Maneno "Independently published" yasimtishe. Waandishi wazuri wengi hujichapishia. Yawe onyo pale tu kitabu halisi kinapojulikana kuwa na mchapishaji mwingine. Maneno "Summary of" na "Workbook for" mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo jaladani, basi asome jina lililoandikwa kando ya picha.

Sampuli ya bure ndiyo silaha bora ya duka hili, na wengi huiruka. Kwa kawaida ni takriban asilimia 10 ya mwanzo, na ukurasa wa hakimiliki humo unatosha kumtambua mchapishaji. Aliyekwisha kulipa ana siku 7 za kurudisha kitabu cha Kindle, lakini akishasoma zaidi ya asilimia 10 hawezi tena kukirudisha mwenyewe kwa kubofya. Lazima aombe huduma kwa wateja. Kwa nakala ya karatasi iliyotumwa Mombasa au Dar es Salaam, nauli ya kuirudisha inaweza kuzidi bei ya kitabu, kwa hiyo ISBN yake ihakikiwe kabla ya kulipa.