Black Widow: undugu wa kupangwa, na dakika mbili nilizopunjwa

Nilinunua filamu ya Black Widow kwa shilingi 50. Ilikuwa mwaka 2021, kafyu bado inaanza saa nne usiku, na mimi sina hamu ya kuvuka hadi sinema ya Nyali na barakoa usoni. Nikapeleka flashi kwa kijana wa duka la muvi mtaani kwetu Majengo, Mombasa, akaniwekea, nikarudi nyumbani na viazi vya karai mkononi. Nilipunjwa, lakini sikujua. Nakala ile ilikatika majina yalipoanza kupanda, na kwenye filamu za Marvel anayekukatia mkia amekukatia na kichwa cha inayofuata. Nitafika huko.

Tulitazama watatu: mimi, mamangu, na dada'angu aliyekuwa amekuja kutoka Lamu kwa ajili ya harusi. Namwita dada'angu ingawa hatukulala tumbo moja. Mamake alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, akamwacha kwetu akiwa na miaka minne. Tukalala kitanda kimoja na kugombana kwa kitana kimoja, hadi alipofika miaka tisa mjomba wake akaja kumchukua. Kwa hiyo tulikaa kutazama muvi ya ngumi, na muvi yenyewe haikutuonea huruma.

Inaanza Ohio, Marekani, 1995. Wasichana wawili wanacheza, vimulimuli vinawaka nje, mdogo kaumia goti, mama anamliwaza. Baba anarudi kazini na uso uliobadilika, chakula kinaachwa mezani, wanapanda gari mbio, halafu ndege ndogo, risasi zinapigwa, wanatua Cuba. Na huko Cuba unaelewa kwamba hapakuwa na baba wala mama. Alexei na Melina ni majasusi wa Urusi waliopewa kazi ya kuishi kama mume na mke kwa miaka mitatu, na watoto walipangiwa kama vile mtu anavyopangiwa samani za nyumba. Kazi imekwisha, kila mtu anarudishwa kwake. Natasha, mkubwa, ndiye atakayekuja kuitwa Black Widow, na anajua yote tangu mwanzo. Yelena ana miaka sita na hajui lolote. Kwake ile ndiyo familia, hana nyingine ya kulinganisha nayo. Askari wanapomsogelea mdogo, mkubwa ananyakua bastola na kumkinga.

Dada'angu akasema, "Simamisha kidogo." Akaenda jikoni kunywa maji. Alikawia.

Sasa niseme wazi: kama unaitafuta filamu hii kwa ajili ya mapigano, utayapata, na mengi yako sawa. Pigano la ndugu wawili jikoni kule Budapest, wanasongana kwa pazia huku wote wawili wakijua hakuna atakayemuua mwenzake, ni zuri sana. Ila mwisho wake, ngome nzima inaporomoka kutoka mawinguni na watu wanapigana huku wanaanguka, mimi niliacha kuamini. Mtu anaanguka vile halafu anasimama na kupangusa vumbi? Hata Yelena mwenyewe anamkejeli Natasha kwa ile staili yake ya kutua goti moja chini na kurusha nywele, nikacheka kwa sauti, kwa sababu nimeiona tangu Iron Man 2 ya mwaka 2010 na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kilichonifanya niirudie mara nne ni meza ya chakula. Miaka 21 imepita. Natasha na Yelena wamemtorosha Alexei gerezani, na wote wanafika shambani kwa Melina huko Urusi. David Harbour, anayemcheza Alexei, anang'ang'ania kuvaa suti yake ya zamani ya Red Guardian, jina lake la ushujaa, na tumbo linakataa. Rachel Weisz, yaani Melina, anafuga nguruwe na kuwafanyia majaribio ya kutawala akili. Anamwita mmoja ndani, na mamangu aliyekuwa kimya muda wote akaruka: "Astaghfirullah, nguruwe mpaka ukumbini!" Nguruwe yule amepewa jina la Alexei. Melina anabonyeza kidude, mnyama anaacha kupumua, anabonyeza tena, anapumua. Unacheka, kisha unakumbuka kwamba hivyo ndivyo wanavyotawaliwa wasichana wa Red Room, ile shule ya siri inayowafunza kuua, na mtaalamu aliyeifanya kazi hiyo ndiye huyu "mama" anayewaandalia chakula.

Mezani kila mmoja anaanza kuvuta kwake. Alexei anataka kusifiwa kwa ushujaa wa zamani. Melina anamwambia Natasha akae wima, kama vile hajamtupa kwa wauaji miaka ishirini. Natasha anasema yote yale yalikuwa maigizo na hawana haja ya kuyarudia. Hapo Florence Pugh, anayemcheza Yelena, anageuka na uso wa mtoto wa miaka sita. Kwake hayakuwa maigizo; huyu alikuwa mamake, ndiye mama pekee aliyempata. Pugh haongezi chumvi hata kidogo. Nimetazama filamu nyingi za mashujaa, na sikumbuki nyingine ambamo kiti kusukumwa nyuma kilinishtua kuliko bomu.

Halafu kuna albamu. Melina aliihifadhi albamu ya picha za Ohio, na Natasha anaifungua na kukumbuka kwamba zote zilipigwa siku moja. Walibadilisha nguo na mapambo, sikukuu hii, sikukuu ile, ili majirani wakitembelea wakute familia yenye historia. Maboksi ya zawadi yalikuwa matupu. Naye alijua ni matupu, lakini alitaka kuyafungua vivyo hivyo.

Sisi tunayo picha ya Idi tuliyopiga studio, mimi na dada'angu, magauni ya kitambaa kimoja, nyuma yetu pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala wawili. Hakuna aliyewahi kuona maporomoko hayo. Iko ukutani hadi leo. Nilimwona akiitupia jicho.

Jambo moja sijaona likisemwa sana. Katika filamu nzima, mzazi na mtoto wa damu tunaowaona pamoja ni wawili tu, jenerali Dreykov, mkuu wa Red Room, na bintiye Antonia, na uhusiano wao ndio mchafu kupita yote. Baba amemtia bintiye kifaa mwilini na kumgeuza Taskmaster, silaha isiyosema. Wale wa kupangwa wanagombana, wanadanganyana, lakini mwishowe wanarudi kufuatana. Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na hapa limetengenezwa kwa dola za Hollywood. Pole tu kwamba Antonia hakupewa nafasi. Olga Kurylenko anavua kofia, anasema kidogo sana, basi. Dreykov naye ni mhalifu wa kuchonga kwa panga, hana kina.

Tuje kwenye ule ulimwengu wa pamoja, yaani filamu za Marvel zinavyoshikana hadithi. Hii ilikuwa filamu ya 24 katika mfululizo wa Marvel, ilipangwa kutoka Mei 2020, korona ikaisukuma hadi Julai 2021. Kwa hiyo ilitufikia baada ya Avengers: Endgame ya 2019, ambamo Natasha anajitupa gengeni kwenye sayari ya Vormir ili Clint Barton, shujaa mwenzake aitwaye Hawkeye, abaki hai. Hadithi yenyewe inarudi nyuma, mara tu baada ya Captain America: Civil War ya 2016, yeye akisakwa na serikali. Yaani unamtazama mtu akipatana na jamaa zake na huku wewe ulishamzika. Wengi walilalamika kwamba ilichelewa, na kweli Scarlett Johansson alistahili filamu yake mapema zaidi. Lakini mimi kuchelewa kule kuliniuma kwa faida. Kila Natasha anapoahidi atarudi, moyo unapiga.

Kuna vifungo vingine vidogo vilivyonipendeza. Kwenye Avengers ya 2012 Natasha na Clint wanaitaja Budapest kwa kupita tu, na Loki, adui wao, anamchoma kwa kumtajia binti wa Dreykov. Miaka tisa baadaye tunaambiwa kilichotokea: ili kumuua Dreykov walimtumia mtoto wake kama alama ya kulenga. Na ile fulana ya mifuko mingi ambayo Yelena anajivunia kuwa ndiyo nguo ya kwanza aliyojinunulia mwenyewe, ndiyo Natasha anayovaa kwenye Avengers: Infinity War. Nilikuwa nimeiona 2018 nikadhani ni fulana tu.

Je, lazima uwe umetazama hizo zote? Mamangu hajawahi kumwona Avenger hata mmoja. Alifuata kila kitu, alilia kwenye albamu, na swali lake lilikuwa moja tu: "Huyu mzee wa masharubu anawatafutia nini watoto wa watu?" Alikuwa Waziri Ross, yule wa serikali anayemsaka Natasha. Nilimwambia ni mambo ya vibali, akatosheka.

Sasa zile dakika za kupunjwa. Mwishoni mwa mwaka huo nikatazama mfululizo wa Hawkeye, namwona Yelena anakuja kumuua Clint kwa kisasi cha dadake. Nikabaki kinywa wazi. Nani kamwambia? Nikadhani nimeruka filamu. Mpwa wangu akanicheka, akanionyesha kwenye simu kipande kilichokuwa nyuma ya majina: Yelena yuko kaburini kwa Natasha, anapiga ule mluzi wao wa utotoni, mmoja akipiga mwenzake hujibu. Anasubiri. Hakuna jibu. Kisha anatokea Valentina, mwanamke anayempa kazi za kuua, anapenga kamasi, anamkabidhi picha ya Clint na kumwambia huyu ndiye aliyehusika na kifo cha dadako.

Niliudhika mara mbili. Kwanza na kijana wa duka, ambaye alisema eti kila mtu huzima pale. Pili na filamu yenyewe. Ule mluzi usiojibiwa ulikuwa mwisho wa hadithi yote, wenyewe hawakuuacha hata upoe. Ni kama mtu anayekuja kwenye hitima na daftari la madeni. Lakini Hawkeye ikanirudisha kidogo: Yelena yuko tayari kumaliza kazi, na Clint anapiga mluzi uleule. Natasha alikuwa amemsimulia. Mamangu alikuwa jikoni, akapaza sauti tusipige mbinja usiku tutaita nyoka.

Naipa nne kwa tano. Nyota iliyopungua ni ya Dreykov na zile dakika za kuanguka angani. Ina saa mbili na dakika 14. Ukinunua kwa flashi, sogeza mpaka mwisho kabisa papo hapo dukani kabla hujatoa pesa.

Mei 2025 nilikwenda Nyali kutazama Thunderbolts*, filamu nyingine ya Marvel, kwa tiketi halali, na sikuinuka kitini hadi taa zikawashwa na mfagiaji akafika safu yangu. Yelena ndiye aliyeibeba, na jina lenyewe la kundi limetoka kwenye timu yake ya mpira ya utotoni, ya enzi zile zile za uongo. Nikiwa kwenye tuktuk ya kurudi mjini nikampigia dada'angu Lamu, naye ameolewa sasa na ana watoto. Nikaanza kumweleza Bucky yuko wapi, nani kafa, nani kageuka. Akanikatiza.

"Baba yao yupo?"

Nikamwambia yupo. Tumbo lilelile, na anaendesha limuzini.