Upasuaji safi kabisa, ila mkishaturuhusu ndio basi?

Nimesubiri hasira ziishe ndio niandike. Mdogo wangu kafanyiwa operesheni ya kidole tumbo hospitali moja binafsi hapa Dar, jina siweki. Daktari wa usingizi alimfuata wodini mwenyewe usiku ule, kamuuliza ana pumu, kuna dawa inamdhuru, kala saa ngapi, mpaka hofu ikamtoka. Anajua kazi yule baba. Kidonda kimefunga vizuri, siku ya pili tukaruhusiwa.

Siku ya nne kaamka na upele mwekundu kifuani na mgongoni, kufika mchana umeshuka mapajani, unawasha hadi analia. Napiga simu wodini naambiwa "dada, hilo joto tu, aleji ya dawa za operesheni ingetokea pale pale". Roho iliniuma sana, maana sio kweli! Daktari wa ngozi tuliyemwona kwingine alitueleza taratibu, ile ya dakika chache, presha kushuka na kifua kubana, ndio inajulikana zaidi, ila ipo ya kuchelewa, inakuja baada ya masaa au siku kadhaa, kinga ya mwili inakuwa bado inajipanga. Akasema pia tusiilaumu nusu kaputi moja kwa moja, mtu akiwa kalala anapewa vitu vingi kwa mpigo, dawa ya usingizi, ya kulegeza misuli, ya maumivu, antibayotiki, bado ile ya kusafishia ngozi, na kwa upele wa kuchelewa namna hii antibayotiki ndio anaishuku kwanza. Akamkagua macho na mdomo, akauliza homa, akasisitiza akitoka malengelenge au vidonda mdomoni tukimbie hospitali hata iwe usiku wa manane.

Halafu akauliza, alipewa dawa gani? Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa operesheni imefanyika, hali nzuri, basi. Tukazungushwa siku 3, mapokezi wanatutuma rekodi, rekodi wanasema mwenye faili katoka, mpaka tukapewa kopi ya chati ya usingizi. Na imejazwa vizuri tu, kila dawa na muda wake. Sasa kwa nini mgonjwa asiondoke nayo siku ile ile jamani?

Upasuaji nyota 5, huduma ya baada ya hapo nyota 1. Upele umekauka, vipimo vya ngozi atafanya baada ya wiki kama 6, na ile kopi anatembea nayo kwenye pochi pamoja na kadi ya bima.