Tela la jeshi M416 kwa kambi za porini: uzoefu wangu

Ukitaka tela la kupigia kambi ambalo halitakuaibisha kwenye mawe, M416 la jeshi la Marekani ni chuma cha kweli. Ukilitaka kwa sababu umeambiwa ni njia ya bei poa, achana nalo mapema. La kwangu nililipata kwa hela ya kawaida kabisa, lakini hema la kufunga juu yake peke yake lilipita bei ya tela lenyewe, na hapo bado sijagusa ekseli.

Kwa asiyelijua: M416 ni tela la robo tani lililotengenezwa livutwe na M151, kale kajipu kadogo ka enzi za vita vya Vietnam. Likiwa tupu lina uzito wa kama kilo 260. Bodi ni beseni moja la chuma lisilo na mlango wa nyuma, na sakafuni kuna matundu ya kutolea maji yenye vizibo, kwa sababu lilikusudiwa kuvuka mto likielea nyuma ya gari. Wengi wakilipata wanakimbilia kukata ukuta wa nyuma ili waweke mlango. Mimi nilikataa. Nguvu ya beseni lile iko kwenye kuwa kipande kimoja, na kuinama kuchukua mzigo kwa juu hakujamuua mtu. Nilitengenezesha kifuniko cha alumini chenye mpira pembeni, nikabadilisha vizibo vya chini, na vumbi la Arizona, ambalo huingia hata kwenye soksi ukiwa umevaa viatu, sasa linaingia kwa shida.

Kazi ya kwanza ni rangi, na hapa naomba usifanye haraka. Tangu miaka ya 1980 magari ya jeshi la Marekani yamekuwa yakipakwa rangi iitwayo CARC, inayostahimili kemikali za vita. Ikishakauka haina neno, shida ni ukiisugua au ukiichoma. Praima za zamani zinaweza kuwa na kromiamu, rangi za zamani zaidi zinaweza kuwa na madini ya risasi (lead), na vumbi lake si la kuvuta kwa pua tupu. Kitambaa cha kufunga mdomoni si kinga. Tafuta kinyago chenye vichujio, lowesha unaposugua, na kabla fundi hajachomelea kitu chochote hakikisha sehemu ile imetolewa rangi kwa dawa hadi chuma kiwe cheupe. Nimeona mafundi wakichomelea juu ya rangi na kukohoa siku nzima huku wakisema ni moshi tu.

Umeme wote nilitupa. Taa zake ni za volti 24 na plagi yake ina pini 12, wakati gari la kiraia ni volti 12. Taa mpya za LED na waya mpya ni kazi ya jioni moja, sina la kusimulia hapo.

Kiungio ndicho kilichonipa mawazo. Tela linakuja na pete nene ya chuma inayovikwa kwenye ndoano ya jeshi. Porini pete ile ni nzuri mno: gari likiinamia kushoto na tela likiinamia kulia, inazunguka tu. Ukirudi lami, inagonga. Kila ukigusa breki, nga! Kila ukikanyaga mafuta, nga! Mke wangu alivumilia kutoka nyumbani hadi Flagstaff, kisha akaniambia safari ijayo atakuja na basi. Kile kichwa cha kawaida kinachokaa juu ya mpira wa chuma hakigongi, ila tela likipinda sana upande kinabana, na hapo ndipo vitu huvunjika. Nikaweka kiungio kiitwacho Lock N Roll, kinachojizungusha pande zote tatu na kimya chake ni cha kweli. Ni ghali kwa kipande cha chuma kinachoenea mkononi, lakini katika vitu vyote nilivyonunua hicho ndicho ningekinunua tena bila kuuliza bei. Kipake grisi tu mara kwa mara.

Sasa ekseli. Rimu za M416 zina nati 5 zilizopangwa kwenye duara la inchi 5.5, yaani milimita 139.7. Mimi naendesha Toyota 4Runner, ndugu yake Surf ya kule nyumbani, ambayo duara lake ni lile lile lakini nati ni 6. Maana yake ni tairi mbili za akiba, moja ya gari na moja ya tela. Halafu breki za M416 ni za mkono tu, za kulizuia likiwa limesimama. Kuteremka milima na mzigo nyuma unaokusukuma si starehe. Nikaagiza ekseli inayobeba pauni 3,500 yenye nati 6 na breki za umeme, pamoja na kidhibiti cha kufunga ndani ya gari. Tairi sasa zinabadilishana, na breki zimenirudishia usingizi.

Gereji iliyoifunga, sitaitaja, ilinirudishia tela linalotembea kama kaa. Kwa macho huoni. Nilichoona ni tairi la kulia kuliwa upande wa ndani, wakati bado lina harufu ya dukani. Nikachukua utepe wa kupimia, nikapima kutoka katikati ya kiungio hadi ncha ya ekseli upande wa kulia, kisha kushoto. Tofauti ilikuwa upana wa kidole gumba. Walitaka kunilipisha tena kuirekebisha, tukavutana, mwishoni wakaifanya bure huku wamenuna. Ukipokea tela lako, pima kabla hujalipa. Vipimo viwili vile vinatakiwa vilingane.

Na usidanganywe na ekseli mpya. Ekseli inaweza kubeba zaidi, chesi na beseni havijabadilika. Robo tani ni pauni 500, kama kilo 227. Hesabu na mimi: hema kilo 60, fremu ya kulibebea 35, friji 20, betri ya lithiamu 12, maji lita 40, jiko na mtungi wa gesi 15. Tayari ni 182. Ongeza tairi la akiba kilo 30 na umebakiwa na kilo 15 za chakula, viti na matandiko ya familia. Ndiyo maana kwangu vyombo na vifaa vizito hupanda kwenye gari, na betri ya asidi ya kilo 30 sikuifikiria mara mbili. Wanaojaza tela hadi springi zimelala wanaupoteza ule uimara walioununulia.

Barabarani likiwa tupu linarukaruka, springi zake ni ngumu. Likipata mzigo linatulia. Kurudi nyuma ni mtihani: ni fupi, linageuka kabla hujajua umekosea, tena kwenye kioo hulioni mpaka limeshapinda. Nimesimamisha fimbo yenye kibendera nyuma yake na majirani wananiuliza mimi ni balozi wa wapi.

Nimelala nalo San Rafael Swell kule Utah na kwenye misitu ya Coconino. Ardhi nyingi za BLM, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma, unapiga kambi bure, hadi siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, na ukishafungua hema unaweza kulitenganisha tela na gari ukazunguka na gari peke yake. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko hema la juu ya gari. Lakini si kila mahali utafika nalo: Tuweep, ukingoni mwa Grand Canyon, gari na tela kwa pamoja havitakiwi kuzidi futi 22, na mimi nimezidi.

Ukinunua mnadani, uliza fomu SF 97 inayothibitisha serikali imeliuza, maana bila karatasi usajili ni safari nyingine. Na mwenye Suzuki Jimny asiguse ekseli kwa ajili ya rimu: Jimny nayo ina nati 5 na duara lile lile. Apime tundu la katikati la rimu kama linaingia kwenye habu, basi.