Wamemkata Chaplin miguu

Sikutegemea kwamba filamu ya mwaka 1925 ingenipandisha presha, lakini imenipandisha. Juzijuzi niliikuta The Gold Rush ya Charlie Chaplin kwenye huduma moja ya kutazama filamu ninayoilipia kila mwezi. Nilifurahi kupita kiasi. Hiyo ndiyo filamu iliyonivunja mbavu utotoni, kwenye mkanda wa video uliochakaa mpaka picha zinatetemeka, na tangu wakati huo sikuwahi kuiona tena. Nikazima simu nikatulia.

Haikupita muda nikaona kofia imeliwa kwa juu. Nikadhani ni televisheni yangu. Nikapekua mipangilio yote, wapi! Kisha akaanza kutembea, ule mwendo wake wa kutupa ncha za viatu huku na huku, na viatu vyenyewe havipo. Viko nje ya picha.

Walichofanya ni hiki. Picha za enzi ile zilikaribia mraba, upana 4 kwa kimo 3. Televisheni za leo ni 16 kwa 9. Ili picha ijae kioo chote, wameivuta mpaka robo nzima ya kimo chake ikapotelea juu na chini. Mtu akiwa anaongea na kamera iko usoni, pengine usigundue. Lakini vichekesho vya kuteleza na kuanguka vinachezwa kwa mwili mzima, na Chaplin aliiweka kamera mbali makusudi ili umwone kuanzia kofia hadi soli.

Na kati ya filamu zote wameenda kuikata hii! Kichekesho chake chote kiko miguuni. Njaa inawabana yeye na mwenzake Big Jim kibandani katikati ya theluji, anachemsha kiatu chake, anazungusha kamba zake kwenye uma na kuzila kama tambi, kisha anafyonza misumari mmoja mmoja kwa adabu zote za mezani. (Kiatu kile kilitengenezwa kwa likorisi, aina ya pipi.) Tangu hapo mguu mmoja unabaki umeviringishwa matambara. Anaingia nao ukumbi wa dansi, anacheza nao na Georgia, msichana anayempenda, na baadaye unashika moto. Sasa utoe mguu ule kwenye picha uone kinachobaki: mtu anahangaika tu na hujui ana nini. Hata pale kibanda kinapoyumba ukingoni mwa genge, yeye na Big Jim wanateleza juu ya sakafu ambayo huioni vizuri.

Ngoma ya mikate ndiyo iliyonimaliza kabisa. Anachoma mikate miwili kwa uma mbili, anaishusha mezani chini ya kidevu chake, na papo hapo mikate inakuwa viatu vya mcheza dansi. Uso wake unafuata kila hatua kwa makini, kana kwamba miguu ile ina uzito. Humu, mikate inapogusa meza ndipo picha inapoishia. Nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikatazama tena, damu inanichemka.

Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja. Jibu lilikuja na salamu tamu za "mpendwa mteja", halafu nikaambiwa filamu ni ya zamani sana, nisitegemee ubora wa filamu za leo. Yaani kosa ni la Chaplin! Nikaandika tena, nikaeleza taratibu kwamba sisemi picha ni mbovu, nasema imekatwa. Wakanitumia maneno yale yale, neno kwa neno. Mkanda wangu uliochakaa ulimwonyesha mzima, maana televisheni za wakati huo nazo zilikuwa 4 kwa 3.

Tuwe wakweli, si kila kitu niwalaumu. Toleo walilonalo ni lile la 1942, ambalo Chaplin mwenyewe aliondoa maandishi yaliyokuwa yakieleza hadithi kati ya picha, akaweka muziki, akasimulia kwa sauti yake na kulifuta busu la mwisho. Mimi napenda lile la kwanza, lisilo na msimulizi, lakini huo ulikuwa uamuzi wa mwenye filamu.

Na nilicheka, tena kwa sauti, ingawa safari hii kicheko kilinikwama njiani. Utotoni nilimcheka Big Jim anavyomwona mwenzake amegeuka kuku. Sasa naona ni mtu anayetaka kumla rafiki yake. Chaplin alieleza kwamba wazo hilo alilipata kwenye habari za msafara wa Donner, wahamiaji waliokwama kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada, Marekani, mwaka 1846, baadhi yao wakafikia kula maiti za wenzao. Na ile ngoma ya mikate nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni ndoto: ameandaa meza ya mkesha wa mwaka mpya, amewangoja wageni mpaka usingizi ukamchukua, na hakuna aliyekuja. Filamu hii ni kubwa kuliko nilivyoikumbuka.

Nilitaka kuwapa nyota mbili, angalau kwa kuwa nayo. Lakini kila nikilikumbuka lile jibu lao, hapana. Moja, na hiyo moja ni ya Chaplin. Ukitaka kuitazama, popote pale, fungua kwanza dakika chache za mwanzo. Ukiona utepe mweusi kushoto na kulia, picha ni nzima, tulia uangalie. Kama imejaa kioo chote, ifunge hapo hapo utafute nakala nyingine.